Gunia Linapita

Siku alipomwacha mkewe, fundi cherehani, mume alimwambia mbele ya wateja wake, "Mimi siwezi kuishi na gunia!"

Basi gunia likanunua raba. Njia za kukimbilia zilikuwa tele, za mtoni na za mashambani, lakini yeye kila alfajiri alishika ile inayopita dirishani kwa yule bwana, akipaza sauti, "Mmeamkaje humo ndani? Gunia linapita!" Haikupita muda, kijiji kizima kikawa kinamwita mwanamume Bwana Gunia.

Leo mke mpya alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, raba miguuni.

"Dada, nisubiri. Jana na mimi kaniita gunia."

"Funga kamba vizuri, mdogo wangu. Leo magunia yanapita mawili, na tunaanzia kwa mama yake."