Punje Tano za Shayiri Nyeusi

Kiwandani walimwita Mzee Povu, na hata alipostaafu jina lilimganda kama kupe. Maisha yake yote alipika bia. Sasa kifua kilimbana, daktari ameshasema mavuno yajayo huenda yasimkute, na yeye alikuwa na ombi moja tu kwa binti yake: kikombe cha bia ya shayiri nyeusi ya ujana wake.

Ombi dogo, ila shayiri yenyewe ilishapotea mashambani. Wakulima wote walikimbilia aina moja inayozaa sana, na ugonjwa wa kutu ulipoingia ukafyeka shamba baada ya shamba, maana mimea yote ilikuwa damu moja na udhaifu mmoja. Binti, mtafiti wa vinasaba vya mbegu, alipekua chumba baridi cha hifadhi hadi akapata pakiti ya shayiri hiyo, iliyowekwa kabla hajazaliwa. Punje alizilaza kwenye karatasi yenye maji, akangoja. Karibu zote zilioza. Tano zikachipua.

Alisimama maabarani machozi yakimlenga. Kitu kikavu kama changarawe, kilichosahauliwa kwenye baridi umri wake wote na zaidi, kilikuwa kimetoa kizizi cheupe bila kumuuliza mtu. Na vipimo vilionyesha kinga ya kutu imo, haijaenda popote. Hakuweza kukaa na jambo hilo peke yake. Akazibeba punje zote tano kwenye kisahani mpaka kitandani kwa baba yake.

"Hizi hapa, Baba. Lakini ni za kupanda. Bia itasubiri mavuno."

"Mavuno nitayasubiri nikiwa wapi, mwanangu?"

Mzee akachukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akafanya kile ambacho wapika bia hufanya kila wanapopita penye kimea kinachochipua: akaitia mdomoni, akaitafuna. Mazoea yana taabu.

"Baba!"

Mzee alishtuka kuliko yeye. Akataka kuitema, akasita. Taya zikaendelea, polepole.

"Nisamehe, mama. Mkono umekwenda wenyewe." Akafumba macho. "Ndiyo yenyewe. Utamu wake unachelewa, halafu hautaki kuondoka."

Binti alikuwa ameisoma ladha ile kwenye kompyuta, herufi kwa herufi za vinasaba, akadhani anaijua. Sasa aliiona ikipita usoni mwa baba yake, makunyanzi yakilegea moja moja, akajiona mdogo kabisa mbele ya punje. Hasira ilimtoka yote. Bila kufikiri, akakisogeza kisahani.

"Chukua na nyingine, Baba."

Mzee aliziangalia zile nne kwa muda, kwa tamaa isiyojificha. Kisha akakisukuma kisahani kikarudi kwa binti yake.

"Hizo kapande," akasema. "Mimi nimeshakunywa."