Mkondo wa Bwana Kiini

Chuo kizima kilimwita profesa yule Bwana Kiini, maana alikuwa amekula mshahara miaka yote kwa kueleza mambo ya kiini cha dunia, mahali ambapo hakuna mtu wa kwenda kumsuta. Wenzake wa historia walibishiwa na watu waliokuwapo. Wa kilimo waliumbuliwa na mahindi yao wenyewe. Yeye angeumbuliwa na nani, na mtu mwenyewe hata ngazi za kushuka stoo alikuwa anaziogopa?

Hivyo ndivyo mhadhiri mmoja wa idara yake, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, alivyomwona. Alimwona hivyo kimoyomoyo tu. Bwana Kiini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo, na Ijumaa ya wiki ile kamati ingekaa kuamua kama mhadhiri naye awe profesa. Mama yake, muuguzi mstaafu, alikuwa tayari anaitikia majirani wakimwita Mama Profesa.

Umaarufu wa Bwana Kiini ulisimama juu ya jambo moja. Mawimbi ya tetemeko la ardhi hupita ndani kabisa ya dunia, na mtaalamu huyasoma yakitokea upande wa pili, kama fundi anavyogonga ukuta akajua ulipo na uwazi. Kwa njia hiyo, enzi akiwa bado na nywele, Bwana Kiini aligundua kwamba mwamba wa moto unaokizunguka kiini unatiririka kuelekea kaskazini-mashariki. Hesabu za wataalamu wengine wote zilisema kaskazini. Yeye akasema wengine wote ni vipofu, akauita mtiririko wake Mkondo, na tangu hapo mwanafunzi aliyetaka tasnifu yake ipite aliandika juu ya Mkondo. Mhadhiri naye aliandika. Makala yake yote sita yalikuwa Mkondo mwanzo hadi mwisho.

Kila mwaka, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Bwana Kiini alikuwa na mzaha wake mmoja. Aliinua kipima tetemeko, akawaonyesha mshale uliochorwa juu yake, akawaambia mshale huo lazima uelekee kaskazini, la sivyo kila kitu kitakachosomwa kitakuwa kimepinda. Kisha akatoa dira mfukoni. "Na mwanafunzi anayetafuta kaskazini kwa dira karibu na chuma," alinguruma, "aache chuo akauze misumari!" Darasa lilikufa kwa kicheko. Mzaha wa anayesahihisha mitihani haujawahi kukosa wachekaji.

Jumatatu mhadhiri alitumwa kwenye kituo cha kilimani kubadilisha kipima tetemeko kilichozeeka. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha zege kilichochimbiwa ardhini, chenye mlango mzito wa chuma kama wa sefu, na data yote ya Mkondo ilitoka humo. Mhadhiri alipokitoa kile cha zamani, aliona sakafuni mstari mwekundu wenye mshale, na pembeni yake sahihi ya Bwana Kiini. Mtu yule alitia sahihi hata sakafu. Mhadhiri akaona mstari umekaa upande. Akatoka nje, akapima kaskazini kwa kivuli cha jua, akavuta uzi mpaka ndani. Uzi ulienda kwingine, mstari kwingine.

Akaweka dira juu ya mstari. Sindano ikalala juu ya rangi nyekundu kama imegandishwa. Akapanda nayo nje, mbali na mlango, na sindano ikageuka kufuata uzi. Akarudi ndani, ikarudi kuangalia mlango.

Alicheka peke yake mle shimoni mpaka akashika ukuta. Mzee wa watu alikuwa amepima kaskazini karibu na chuma! Hakukuwa na mwamba uliokwenda kaskazini-mashariki. Kulikuwa na mlango. Kisha akakumbuka makala yake sita, na kicheko kikamkauka mdomoni. Akiwa mwanafunzi aliwahi kuona kwamba mawimbi ya matetemeko yaliyojulikana yalikotokea yalifika kituoni yamepinda, yote kwa kiasi kilekile. Alimuuliza Bwana Kiini, naye akajibu, "Huo ndio Mkondo wenyewe, binti yangu," na yeye akaandika kama alivyoambiwa. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia mzee.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Bwana Kiini, akamsalimu, akamweleza. Mzee hakushtuka hata kidogo. Alifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Ukikiweka hicho kipya sawasawa, data itasemaje?"

"Kaskazini, Profesa. Kama wanavyosema wengine wote."

"Basi tumegundua kitu kikubwa!" Akainuka kitini. "Mkondo umegeuka! Tutaandika pamoja, jina lako la pili. Ijumaa uieleze kamati, wakupe uprofesa huku wanapiga makofi."

"Lakini Profesa, mwamba ule unasogea kama kucha inavyoota. Utageukaje ndani ya wiki moja?"

"Nani atakwenda kuuangalia?"

Mhadhiri akaaga, akatoka. Mzee alikuwa anajua ukweli, na wala haukumsumbua.

Nyumbani alimsimulia mama yake wakiwa wanakunja nguo.

"Ukinyamaza, unapata?" mama aliuliza.

"Napata."

"Na ukisema?"

"Sijui, mama."

Mama alikunja shuka taratibu, akalipapasa likanyooka. "Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote. Daktari aliyekosea nilimsamehe. Aliyebadilisha cheti cha mgonjwa ili kosa lisionekane, huyo sikumpa hata salamu. Fanya unaloweza kulibeba. Jina la Mama Profesa halikuwa langu bado, naweza kulirudisha."

Ijumaa kamati ilikaa: Bwana Kiini kwenye kiti kikuu, mkuu wa kitivo ambaye alikuwa mtu wa historia, mtaalamu wa kilimo, na mwanasheria wa chuo. Bwana Kiini alimkaribisha mhadhiri kwa sauti ya asali, akasema ana habari ya kuishtua dunia.

"Ninayo," mhadhiri alisema. Akatoa dira, akawaonyesha kaskazini pale mezani. Kisha akaenda nayo mpaka kwenye kabati la chuma la kona, na wote wakaona sindano inaacha kaskazini, inageukia kabati. Akawaeleza mlango wa kilimani ulivyo, mstari ulivyo, na sahihi iliyo kando yake. "Mkondo uliomo kwenye makala yangu ni mlango wa chuma. Nayafuta yote."

Mtaalamu wa kilimo alicheka mpaka akavua miwani. Mkuu wa kitivo alijifanya anakohoa. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hata mtoto angeelewa.

"Nampongeza Daktari huyu kwa uaminifu wake," alisema Bwana Kiini, uso mkavu. "Mwanasheria, kanuni inataka nini?"

"Makala matano yasiyo na kosa."

"Daktari, sasa unayo mangapi?"

"Sina hata moja."

Mikono ikainuliwa yote kukataa, hata wa mcheshi wa kilimo. Walimwamini, na kwa kuwa walimwamini wakamnyima. Mtu mmoja tu aliuliza kuhusu makala sitini ya mwenyekiti, naye mwanasheria akaeleza kwa upole kwamba kanuni ni ya kupanda. Ya kushuka haijaandikwa. Bwana Kiini akatia sahihi uamuzi, sahihi kubwa yenye mikia, ileile ya sakafuni.

Mlangoni alimshika mhadhiri mkono, akashusha sauti. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, binti yangu. Sasa ukipanda kilimani, ufute ule mstari."

"Nimeshachora mwingine, Profesa, ulionyooka. Wako nimeuacha."

"Wa nini?"

"Nitawapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza," mhadhiri alisema. "Kila mwaka. Waone sahihi ya mtu aliyepima kaskazini karibu na chuma na hakuuza msumari hata mmoja."