Kiti cha Bi Rahila

Rahila alipofika uani alifanya kama alivyozoea tangu utotoni: alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaivuta mbuzi akune nazi. Binamu yake Asya akaichukua ile mbuzi taratibu, akamwekea kiti cha plastiki mlangoni na soda baridi.

"Kaa, Mheshimiwa. Utachafuka."

Ilikuwa hitima ya Mwanapili. Huku Pemba, anayewekewa kiti wenzake wakipika ni mgeni, na Rahila alilelewa nyumba hii hii na Bi Zulekha, mama yake Mwanapili, akilala kitanda kimoja na marehemu. Uso ukamwiva. Wanawake waliendelea na nazi zao na mazungumzo yao. Hata kumsema hawakumsema. Wangemsema angepata nafuu.

Sababu aliijua. Mwaka jana wote hawa walimwomba asimame kwenye Baraza la Wawakilishi awasemee wapate gari la wagonjwa, naye akaapa. Siku ilipofika, mkubwa mmoja wa chama akamnong'oneza: serikali ni yetu, Bi Rahila, usituaibishe, na viti maalumu vinagawiwa tena karibuni. Basi akasimama, akapongeza, akashukuru weee, akakaa. Kiti chake cha Barazani alipewa na wajumbe wa chama ukumbini Wete. Huku kijijini hakuna aliyempigia kura. Alijiuliza amwogope nani, akapata jibu sahihi kabisa: chama, si kijiji, na hiyo ndiyo aibu iliyokuwa ikimla. Mwanapili aliposhikwa na uchungu alipakiwa kwenye gari la ng'ombe, akafia njiani.

Bi Zulekha alipotoka jikoni, Rahila alimwangukia miguuni.

"Mama, nitukane. Nipige. Nifukuze, basi!"

"N'kufukuze wapi?" Bi Zulekha hakupandisha sauti. "Yule mwakilishi wa jimbo naye hakutufaa, lakini yule twamngoja kwenye sanduku la kura, na mwenyewe ajua. Juzi kaja hapa, atetemeka. Weye hatukukupa kitu. Hatuna cha kukunyang'anya."

Rahila alilia bila kujificha. Alikuwa akingoja aitwe mwanangu, kama siku zote, hata kwa hasira.

Bi Zulekha akamwinua, akamrudisha kitini. Akaifungua soda mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema, akarudi jikoni.