Namba Tasa ya Leonia

Mwalimu Isdori hakuwa mtu wa kusamehe hesabu. Miaka ishirini na sita ya kufundisha Sumbawanga, hata watoto wa ndugu zake aliwapa sifuri bila kupepesa macho. Kitindamimba wake, Leonia wa kidato cha pili, alirithi wazimu huo huo wa namba. Mwaka huu akaongezewa na ugonjwa wa figo, nao haukuwa na utani.

Akiwa wodini, Leonia alijichagulia namba: 1,032,043. Alitaka kujua kama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Simu hakutaka, kikokotoo hakutaka. Alichukua daftari akaanza kuigawanya kwa namba tasa moja moja, kuanzia mbili hadi 1,013. Zipo mia moja na sabini. Kila mara kikibaki kitu mpaka mwisho, basi ni tasa; hakuna haja ya kwenda mbele, maana namba tasa inayofuata, 1,019, ikizidishwa kwa yenyewe tayari inaipita.

Alipofika 43, akakosea. 43 mara 24 aliandika 1,022 badala ya 1,032, akapata baki 24 mahali ambapo hapakutakiwa kubaki kitu. Isdori, aliyekaa kando ya kitanda na chupa ya uji, aliliona kosa pale pale, akafungua mdomo. Lakini siku hiyo ndiyo kwanza binti yake alikuwa amemaliza kikombe kizima, na tayari alishaanza 47. Mwalimu akaliacha kosa, akaifunga chupa ya uji.

Kazi ilichukua wiki tano. Mikono ilivimba, tarakimu zikawa kubwa na za kupinda. Alipomaliza 1,013 alimtazama baba yake.

"Baba, kuna mahali nimekosea?"

"Hakuna, mama."

"Basi siku wakisoma historia yangu, na hiyo waiseme."

Alifariki Alhamisi.

Walimzika kijijini Mwimbi, kwenye upepo wa Julai unaopenya mpaka kwenye mifupa. Historia fupi ya marehemu ikasomwa: kuzaliwa, kubatizwa, shule, kuugua, "na aligundua kwamba 1,032,043 ni namba tasa." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mayunga, mwalimu wa hisabati mwenzake Isdori, akatoa simu na kuanza kubonyeza. Isdori alimwona akikunja uso, akirudia, kisha akiirudisha simu mfukoni taratibu. Aliona aibu. Alikuwa anamzika mtoto na kosa ambalo angelisahihisha kwa dakika moja.

Baada ya kutupia udongo, Mayunga alimjia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu. Ile namba nimeijaribu."

Isdori akautazama mfuko wenye simu.

"Haigawanyiki," Mayunga alisema.

Tangu Alhamisi Isdori hakuwa amelia. Alilia hapo, mbele ya wanafunzi wake wote, ameng'ang'ania koti la Mayunga.