Panda, Shuka, Zungusha, Mkia

…hapo chini, mama, kwenye zile nukta, karani alikuwa anasema, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake, kalamu ya bluu iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza, kana kwamba mtu aliyekuja kuchukua mwili wa dada yake atakumbuka kuiba kalamu, ee Mungu nisamehe, aliwaza, huyu binti hana kosa, anafanya kazi yake tu, akaziangalia zile nukta zilivyojipanga kama siafu zikimngoja, kwa sababu sahihi aliyokuwa nayo, sahihi pekee aliyowahi kuitia maishani, kwenye cheti cha ndoa, kwenye fomu za shule za watoto, kwenye kitambulisho hiki alichokishika, haikuwa jina lake, ilikuwa jina la dada, na dada ndiye aliyelala chumba cha pili kwenye baridi, sasa itakuwaje, marehemu ajitie sahihi ya kujitoa mwenyewe, na Mungu anatazama… stempu umeiweka wapi wewe, karani alimuuliza mwenzake wa meza ya pili, si nilikuachia jana, uliniachia mimi au uliuachia ukuta, wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka kwamba kuna mfiwa mbele yao wakanyamaza, na yeye alitamani wasingenyamaza, dada angependa kicheko kile, dada alicheka hata kwenye mazishi ya mama, alicheka huku machozi yanamtiririka… shule ilikoma kwa dada siku ile mama alipofariki, akiwa darasa la nne, na kwake yeye haikuanza kabisa, ndiyo maana hospitali hii ilipotafuta watu wa dobi, na ikasemekana wanaojua kutia sahihi ndio watakaopewa kazi nzuri, dada alimwaga unga kwenye sinia, akamshika mkono, akamchoresha kwa kidole, panda, shuka, zungusha, halafu vuta mkia, hiyo ndiyo sahihi, Kitinda, ndivyo alivyomwita, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama, rudia, Kitinda, hapana, mkia wako mfupi, huo mkia wa mbuzi, rudia, jioni tatu mfululizo, mkono wa dada juu ya mkono wake, na hakujua kama zile ni herufi, alidhani sahihi ni mchoro mmoja tu ambao watu wote waliosoma wanao, mpaka miaka kumi baadaye, alipojiunga na darasa la watu wazima kanisani ili aweze kusoma Maandiko mwenyewe, mwalimu akamwambia, mbona unaandika jina la dada yako, akarudi nyumbani mbio, dada, umenipa jina lako, na dada, hata hakuinua macho kwenye mboga alizokuwa anachambua, akasema, ulitaka nikupe la nani, nilikuwa nalijua moja tu, wakacheka hadi wakashikilia ukuta… angeweza kuibadilisha siku ile, jina lake alishajua kuliandika, polepole, kwa kupindapinda, lakini karatasi zote zilishamzoea kwa hilo jingine, na kusema kweli alilipenda, kila alipotia sahihi alihisi ule mkono juu ya wake, na katika sala za asubuhi hakuacha kushukuru, asante Bwana kwa dada aliyenifundisha, zawadi nzuri kama hiyo isiyompunguzia mtoaji kitu, aliwaza siku zote, kama kumfundisha mtu wimbo, unamwachia na wewe unabaki nao… mama, kumbe marehemu alikuwa mfanyakazi wetu, karani alisema, faili lake hili hapa, la zamani kweli, hata pini imeota kutu, akaligeuza upande wake ili amwoneshe, kwa wema, kama mtu anavyokuonesha picha, na pale kwenye ukurasa wa kwanza, fomu ya kuajiriwa, kulikuwa na dole gumba la dada, la zambarau, na hilo halikumshangaza, dada aliweka dole maisha yake yote, msimamizi alisimama mlangoni siku ile akasema, wenye sahihi meza ya kukunjia mashuka, wenye dole gumba kwenye mapipa, na dada akaenda kwenye mapipa ya maji moto na magadi akijichekea, niacheni mimi, mimi samaki, na yeye mjinga akaamini, miaka thelathini na miwili aliamini kwamba dada anapenda maji… lakini chini ya ile zambarau kulikuwa na wino wa bluu, mstari unaopanda, mstari unaoshuka, mwanzo wa duara, basi, umekatika, na mkono wake uliutambua kabla ya macho, panda, shuka, zungu… Mungu wangu… dada alikuwa mbele yake kwenye foleni, ndiyo, aliinama mezani, halafu akageuka akamtazama, na yeye alikuwa nyuma anajikumbusha, kidole kinachora kwenye paja, midomo inacheza, na dada akamtazama kitambo, kisha akamgeukia msimamizi akasema, kalamu yenu hii mbovu, nipe wino wa dole, watu wakacheka, na yeye pia alicheka, alicheka, Bwana, maana hakujua kwamba watu wawili hawawezi kuja na sahihi moja, dada ndiye aliyekumbuka, pale pale, kalamu ikiwa katikati ya duara, na ikabidi mmoja wao aiache, kisha yeye akasogea mezani akapanda, akashuka, akazungusha, akavuta mkia mrefu, msimamizi akasema safi, meza ya kukunjia… na magadi yakamla dada vidole mwaka baada ya mwaka, hata walipokwenda kuandikishwa vitambulisho vipya mashine haikuona alama yoyote, jaribu tena bibi, jaribu cha kushoto, hakuna, na dada akasema, basi sasa naweza kuiba, hakuna polisi atakayenijua, watu wote pale wakacheka… kwa hiyo haikuwa wimbo, alimpa akabaki hana, na mimi, aliwaza, nimeshukuru miaka yote kwa jioni tatu za unga, sijashukuru hata siku moja kwa mapipa… mama, kama sahihi inakupa taabu, karani alisema kwa sauti ya chini, tuweke dole tu, haina shida, wengi wanaweka, na yeye akalitazama dole gumba lake, laini, la mtu aliyekunja mashuka makavu, mistari yake yote ipo, akasema, haya mwanangu, chini nitaweka dole, lakini kalamu hakuirudisha, aliipandisha polepole juu ya karatasi, hadi kwenye kisanduku kilichokuwa bado kitupu, akasita hapo, hajagusa… si hapo, mama, hapo ni jina la marehemu, nitalijaza mimi… acha, mwanangu, alisema, hilo nalijua kuliandika.