Jiko Lililooshwa Mara Saba

Mwaka ule maduka ya Dodoma yalikuwa yamejaa mpaka bidhaa zinamwagika barazani. Mtu ambaye juzi tu alipanga foleni ya kipande cha sabuni, sasa anasimama dukani akinusanusa kuchagua harufu. Kwa Mwamvua wa Chang'ombe kilichoingia ni jiko la umeme, jeupe, plate nne kichwani na oveni tumboni. Lilikuja juu ya mkokoteni, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Hilo friji?" akauliza mmoja.

"Friji gani lina macho manne?" Mwamvua akamjibu, kidevu juu.

Majivuno yalikuwepo, tusidanganyane. Lakini hakulinunua kwa majivuno. Alilinunua kwa sababu ya Bibi Zaitun, mama wa marehemu mumewe, Uwesu. Uwesu alipozikwa watu walidhani Bibi atarudi kwao Kondoa, naye akasema hendi popote, yeye na mkwewe wameshazoeana kama kinu na mchi. Tatizo lilikuwa kifua. Jiko la kuni lilikuwa chumba kimoja tu na alipolala, na kila Mwamvua alipopuliza moto, Bibi alikohoa mpaka shuka likamdondoka.

Mwezi wa Rajabu alikuja wifi yake, Mwanahawa, dada wa Uwesu. Akasimama mlangoni, akamsikiliza mama yake akikohoa, kisha akasema polepole, "Wifi, sikulaumu. Umemtunza. Lakini Idd nikija nikakuta moshi huu, naondoka na mama. Nguo zake nitazifunga mwenyewe."

Mwanahawa hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Akikwambia mvua inakuja, wewe anua nguo.

Ndipo Mwamvua akasikia kuna mzungu mchimba visima ambaye mkataba umekwisha, anauza vyombo. Akawahi. Kumbe Ruthu, mpangaji wake wa chumba cha uani, mwanakwaya kutoka Mvumi, alikuwa akimfulia nguo mzungu huyohuyo. Walipokuwa wanalishusha jiko, Ruthu akanong'ona, na mnong'ono wa Ruthu husikika nyumba ya tatu:

"Dada Mwamvua, mimi sisemi kitu. Ila humu kila Jumapili kilikuwa kinaiva kitimoto. Mpaka paka wa pale walinenepa."

Mwamvua akakaa kizingitini. Nguruwe! Kulirudisha haiwezekani, mzungu ameshapanda ndege.

"Ruthu, neno hilo limeze."

"Nimeshalimeza, dada."

"Limeze tena, na maji juu."

Ijumaa, Bibi alipokwenda darasani na wanawake wenzake, kazi ikafanyika uani. Mwamvua alikumbuka alichofundishwa kwenye chuo cha Kurani utotoni: najisi ya namna ile huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akachota udongo mwekundu safi, akaukoroga ukawa uji, akalisugua jiko ndani, nje, chini, na kila tundu la mgongoni. Kisha akamwaga maji, ndoo juu ya ndoo, Ruthu akileta na yeye akimimina, mpaka sita za maji matupu zikatimia. Liling'aa kama yai. Hakuna nguruwe duniani ambaye angebaki mle.

Wiki iliyofuata akaja fundi Ludovick, fundi umeme wa mtaani, mcheshi, mwenye penseli sikioni. Kazi yake ilikuwa safi. Akavuta waya mnene peke yake kutoka mein swichi, akaliwekea jiko swichi yake ukutani, kisha akaenda kupigilia nondo ya shaba karibu na mtaro wa bafuni.

"Kwa nini huko kwenye tope?" akauliza Bibi.

"Bibi, umeme ukitoroka lazima upate pa kuzama. Mvua zikiisha ardhi ya hapa inakauka kama mfupa. Hapa mnaoga kila siku, pana unyevu daima."

"Kwa hiyo nikioga nalinda nyumba."

"Umesema, Bibi."

Wakakusanyika jikoni, sufuria ya uji wa futari tayari. Ludovick akabonyeza. Tap! Mein swichi ikaruka, nyumba nzima ikazima. Uani, redio ya Ruthu ilikatika katikati ya matangazo ya vifo.

"Nani kafa?" Ruthu akapiga kelele. "Jina sijalisikia!"

Ludovick akawasha tena. Tap! Siku tatu mfululizo alikuja, akijaribu plate moja moja. Tatu zilikubali kwa dakika chache kisha nazo zikazima nyumba, ya nne ikakataa tangu mwanzo, na oveni ndiyo kabisa, ukiigusa tu nyumba inazima. Ruthu akaacha redio, akaanza kuuliza habari za misiba kwa majirani.

"Mama, jiko hili lilinyeshewa?" Ludovick akauliza.

"Halikunyeshewa," Mwamvua akajibu, akitazama dari. Hakusema uongo. Tone la mvua halikuligusa.

"Basi nyaya za joto zimekufa. Nyingine ni kuagiza Dar, na hazifiki kabla ya Idd."

Kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili kufunga kuishe, Mwamvua akamkuta Bibi ameketi kitandani anakunja khanga zake moja moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Nampunguzia Mwanahawa kazi. Usihuzunike mwanangu, Kondoa nako ni kwetu." Akakohoa, akaendelea kukunja.

Mwamvua akatoka pale moja kwa moja mpaka kijiweni kwa Ludovick. Likijulikana na lijulikane. Akamvuta pembeni, akamweleza yote, kitimoto, udongo na ndoo.

Ludovick akatoa penseli sikioni, akaitazama kama ndiyo yenye kosa. "Mara saba?"

"Saba."

"Na mgongoni ukamimina?"

"Najisi haina mgongo wala tumbo, fundi."

Wakarudi nyumbani. Parafujo za mgongoni mwa jiko zilikuwa zimeota kutu, ndiyo maana hakuwa amezipigania. Sasa alizipigania. Bati lilipobanduka, kila mtu aliona: udongo mwekundu umeganda kwenye viungo vya nyaya, umepanda juu kama nyumba ya mchwa, bado una ubichi. Umeme ulikuwa unatambaa humo kuelekea kwenye bati, na mein swichi, kwa kazi yake, ilikuwa inakata.

Wakausugua kwa brashi kavu. Nyaya za joto zikachomolewa zianikwe, lakini jua la siku ile lilijificha kwenye mawingu. Bibi ndiye aliyesema, "Si muwashe mkaa?" Basi jiko la mkaa likakaa kutwa nzima likilikausha jiko la umeme, kama mke mkubwa anayemsuka nywele mke mdogo.

Jioni Ludovick akabonyeza. Redio ya Ruthu ikaendelea kuimba. Plate ya nne ikaanza kuwa nyekundu, oveni ikatoa joto usoni. Ruthu akapiga vigelegele, mtaa ukadhani mwezi umeandama.

Siku ya Idd nyumba ilifurika. Wanaume kwenye mikeka barazani, wanawake ndani, viatu mlangoni huwezi kukijua chako. Mwanahawa alifika na begi kubwa, tupu. Akapita jikoni kwanza. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama kama kina masizi. Akaketi kwenye sinia la pilau na paja la mbuzi la oveni, akasema bismillahi, akanyoosha mkono.

Mwamvua angeweza kunyamaza. Ruthu mwenyewe alikuwa amejitahidi kupita kiasi kulimeza lile neno. Lakini kumlisha mtu asichokijua, na yeye ni dada wa Uwesu?

"Wifi, subiri," akasema. Akaeleza, mbele ya watu wote.

Mkono wa Mwanahawa ulibaki hewani. Akamgeukia Ruthu. "Kweli haya?"

"Kitimoto ni kweli dada, nilikinusa kwa pua hii. Na kuoshwa ni kweli, ndoo nimebeba mimi. Jiko lilioshwa mpaka likafa! Muulize fundi."

Kutoka barazani, mdomo umejaa, Ludovick akajibu dirishani, "Udongo nilioutoa humo unatosha kupandia mchicha!"

Bibi Zaitun akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na watu wote wakanyamaza, kwa sababu kicheko cha Bibi siku zote huishia kwenye kikohozi. Mwanahawa naye alisubiri. Kikohozi kilikuja, kimoja, kidogo, kikapita njia yake.

"Udongo ulikuwa safi?" Mwanahawa akauliza.

"Nimeuchota mwenyewe, wifi. Hata mbuzi hajaukanyaga."

"Basi nisogezee upande wenye mfupa. Na mama asipewe wenye mafuta, kifua hicho."

Alikaa siku nne badala ya moja. Alipoondoka, begi lile halikuwa tupu. Lilikuwa na mikate ya mofa ya oveni na paja zima la mbuzi, limefungwa kwenye khanga moja ya Bibi. Khanga nyingine zilikuwa zimerudi kwenye kamba, na Bibi alikuwa jikoni akimfundisha Ruthu, bila kuulizwa, namna ya kubonyeza swichi.