Herufi Nane za Kurui

Jumanne saa tatu asubuhi Mwanakheri, fundi wa mabango kutoka Mlandizi, alipima ukuta wa zahanati mpya ya Kurui kwa futi kamba, mara mbili. Alikuwa ameitwa kuandika neno moja, ZAHANATI, kabla mkaguzi hajafika Ijumaa.

Herufi zilikuwa zake mwenyewe. Alizichora kwa rula na bikari kwa miaka miwili, akifuata daftari la marehemu baba yake, mwashi, lenye vipimo vya kila nyumba aliyojenga. A aliitoa kwenye kenchi, pembetatu ya mbao inayobeba paa. H ilikuwa fremu ya mlango. Mstari wake wa kati aliupandisha juu kabisa, mtu mzima apite chini bila kuinama. Z ilimsumbua. Aliifuta mara kumi na saba mpaka mshazari wake ukanenepa kiasi cha kubeba. Kanuni yake ilikuwa moja: mstari usiolalia kitu haufai. Pale Mlandizi aliziandika kwenye madrasa na kwenye mashine ya kusaga, ambako ufa wa ukuta uliacha kukua.

Kurui, boriti ya mbele ya baraza ilining'inia bila nguzo, na ilikuwa imeanza kupinda.

"Nguzo ziko wapi?" alimuuliza mkandarasi.

"Zipo kwenye ramani, dada. Wewe andika."

Aliandika. Mdogo wake aliolewa Kurui, na mtoto wa kwanza wa mdogo huyo alifia njiani mama yake akikimbizwa Kisarawe mjini kujifungua. Mwanakheri alitaka zahanati ifunguliwe. Kila herufi aliipa kimo cha ukuta mzima.

Saa kumi alasiri rangi ilikauka na herufi zikatoka ukutani. Zilivuka baraza moja moja, Z mbele, zikasimama ukingoni na kuipokea boriti. Boriti ikanyooka. Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa kijiji, aliziomba ziachie nafasi ya machela. Zikasogea. Nesi Stellamaris akatangaza kwamba wajawazito wapite kwenye H, na wanaopita kwenye A waangalie vichwa.

Ijumaa mkaguzi alikuja na ramani. Ilitaka nguzo nane. Alihesabu kwa ncha ya kalamu kutoka Z hadi I, akaandika: zipo.

"Hizo ni herufi zangu," Mwanakheri alisema. "Nguzo hazikujengwa."

"Zimebeba paa?"

"Zimebeba."

"Basi, dada yangu, ni nguzo."

Mwanakheri alichukua msasa, akaiendea Z, akaanza kuisugua. Aliposugua mara ya tatu, bati lililia juu yake. Ndani akalia mwanamke, Mwanamvua, mkulima wa mihogo, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nesi alitoa kichwa dirishani.

"Dada Mwanakheri, kama unabomoa, naomba unipe nusu saa."

 Mwanakheri alirudisha msasa mfukoni, akafungua kopo la rangi na kuziba alipokwaruza. Mtoto alizaliwa saa saba mchana, wa kike, kilo tatu.

Jumatatu aliandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wa mkaguzi. Haikujibiwa. Aliandika ya pili. Ya tatu aliipeleka mwenyewe; karani aliyeipokea aliusifu mwandiko, akaiweka juu ya zile mbili. Masika yalipoanza kula miguu ya herufi, Mwanakheri alikwenda Kurui kila mwezi kuipaka upya, bila kuitwa.

Mwezi wa saba mkandarasi yuleyule alipewa kazi ya zahanati ya Vihingo. Alimfuata Mwanakheri Mlandizi, akamtandazia ramani mpya mezani. Mahali pa nguzo palichapwa maneno mawili: herufi nane.

"Jenga nguzo," Mwanakheri alisema.

"Ramani imeshapitishwa, dada. Usipoandika, jengo halifunguliwi."

"Na kina mama wa Vihingo wanajifungulia wapi sasa?"

"Njiani."

Mwanakheri aliikunja ramani, akaitia kwenye bahasha pamoja na barua ya nne, akaandika anwani ya ofisi ileile. Mkandarasi hakuidai, alikuwa na nakala nyingi.

Kesho yake asubuhi Mwanakheri alikuwa Vihingo, juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Ishike ngazi vizuri," alimwambia mkandarasi, "na usiondoke mpaka nimalize."

Mkandarasi akaishika.